Tabaka la Zafarani

Asubuhi ile mdogo wangu alinigonga kifua kwa bakuli kabla hajaniambia analitakia nini. Hakulirusha. Alikuwa ananikabidhi tu, lakini mkono wake siku hizo ulikuwa haujui tena kukabidhi kitu bila kuumiza. Nilikuwa mlangoni na mkoba begani, natoka kwenda kazini, na kwa kishindo kile nikarudi nyuma mpaka mgongo ukapiga ukuta. Bakuli lilikuwa jeupe, la kauri, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na chini yake yamebaki maji kidogo ya rangi ya manjano.

"Kombe la jana hilo," alisema. "Nimebakisha makusudi. Mama ananitilia kitu humu. Kapime."

Kwetu mtu akizidiwa na maradhi au na dunia, mwalimu humwandikia aya kwa zafarani juu ya chombo cheupe. Maandishi yakikauka, yanaoshwa kwa marashi ya waridi na maji kidogo, na mgonjwa anayanywa. Ndilo kombe. Bibi yangu alilinywa Unguja, mama yangu alilinywa huku Uarabuni katika mimba zake zote, na mimi nililinywa kabla ya kila mtihani, pamoja na ule wa fizikia.

Mdogo wangu alikuwa analinywa kwa sababu ya shabu, ile fuwele nyeupe wanayoivuta vijana na kukesha nayo. Alianza alipokuwa anauza vipuri vya magari Wadi Kabir. Alikuwa mchekeshaji, mtu wa kumwigiza kila mteja, na wateja walikuwa wakirudi kwa ajili ya vichekesho tu. Mwaka mmoja baadaye alimpiga tajiri yake kwa jeki ya gari, akafukuzwa, akarudi kukaa nyumbani Ansab pamoja na mama na mimi. Baba alikwishafariki. Basi tukabaki sisi watatu, na mmoja wetu halali.

Mtu asiyelala anasikia mengi. Alisikia tunamsema, alisikia friji inamsema, akaling'oa mlango wake. Alimrushia mama pasi ikiwa ya moto. Mimi alinivunja jino, nami nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi, maana mimi si mpole na sijapata kusema kuwa ni mpole. Lakini mama alikuwa harudishi. Alivunjwa kifundo cha mkono akamwambia daktari kateleza bafuni. Jirani alipochoka kusikia mayowe akawaita polisi, mama aliwakaribisha, akawapa kahawa na halua, akawaambia uso wake umevimba kwa sababu ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yetu ni ya chini tupu, haina ngazi.

"Si yeye, mwanangu," alikuwa akinambia. "Kaingiliwa na jini huyu. Kumshitaki mtu kaingiliwa ni dhulma."

"Mama, la kuvunda halina ubani."

"Mche Mungu."

Nilimcha Mungu, lakini nilikuwa namwogopa zaidi mwanawe. Niliamini kabisa kwamba siku moja nitarudi kutoka kazini nimkute mama amekufa, na kwamba kabla ya kufa atakuwa ameshapanga la kusema ili yule asilaumiwe. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nikiamka nayo na kulala nayo.

Kisha, wiki chache kabla ya asubuhi ile ya bakuli, kombe likafanya kazi. Mama alikuwa akilitayarisha mwenyewe jikoni baada ya alasiri, na jua likizama tu mdogo wangu anasinzia palepale kwenye zulia, mdomo wazi, mpaka asubuhi. Mama akasema, "Umeona? Na wewe na fizikia yako." Sikubisha. Nyumba ilikuwa kimya na mimi nilikuwa nalala, na aliyelala hana haja ya kuuliza kwa nini.

Aliyeuliza ni yeye.

"Nnaamka ulimi mzito," aliniambia pale mlangoni. "Kichwa kama kimejaa pamba. Hiyo si Qur'ani, dada. Qur'ani haifanyi hivyo." Akaniinamia. "Na nnataka picha. Ule mstari wa mashine yako. Mmoja wa kombe, mmoja wa zafarani safi. Nitakaa na mama mpaka urudi. Ukija na polisi, wallahi utamkuta hana shingo."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mtandio wake kichwani, uso umempauka. Mdogo wangu akamwamrisha anipe zafarani na chupa ya marashi ili nikalinganishe. Alinipa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na hakunitazama. Nilipotoka nilisikia geti linafungwa kwa ndani na ufunguo unachomolewa.

Mdogo wangu alijua la kudai kwa sababu aliwahi kuja maabara, zamani, akili zake zikiwa zake. Kazi yangu ni kutengeneza vipande vya kioo vyenye pete za dhahabu, ndogo hivi kwamba pete nyingi mno zinaenea kwenye ukucha. Wenyewe wanaviita metamateria, kwa kuwa nguvu yake haitoki kwenye dhahabu wala kioo bali kwenye umbo lenyewe. Kila pete imekatwa mahali pamoja, mfano wa bangili iliyofunguka. Ukizipitishia mawimbi ambayo jicho haliyaoni, zote huitika kwa mlio mmoja, kama glasi iliyogongwa kijiko. Sasa kitue kitu juu yake, hata kama ni tabaka la molekuli jembamba kuliko ngozi ya povu la sabuni, na ule mlio unashuka. Kwenye kompyuta unauona kama bonde katika mstari, limesogea kutoka lilipokuwa.

Nilimweleza hayo siku ile, naye akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajapata kuuliza. "Mlio umeshuka, sawa. Utajuaje aliyetua ni nani?"

Nikamwambia kwamba molekuli nazo zina milio yao. Ukizikata pete kwa ukubwa unaolingana na mlio wa molekuli fulani, viwili hivyo vikikutana havikai kwa amani. Vinagombana, na bonde moja linapasuka kuwa mawili. Kama anayekuja ni mwingine, bonde linasogea tu, halipasuki. "Kumbe ni kama sisi na binamu zetu," alisema, na maabara nzima ikacheka.

Siku hiyo ya bakuli nilifika kazini nikakaa ndani ya gari kwanza. Ningeweza kurudi mjini nikanywa chai, kisha nikamletea uwongo wowote. Sikuweza. Picha aliitaka, na mimi, ukweli usemwe, nilitaka kuona.

Niliosha vioo kwa asidi, nikatona tone la zafarani yetu safi iliyochanganywa na yale marashi, nikalizungusha kwa mashine mpaka likatandaa sawasawa, nikalikausha. Bonde likasogea kidogo. Nikafanya vilevile kwa maji ya bakuli. Bonde likasogea zaidi, mbali zaidi. Nikarudia kwa kioo kingine, nikiomba niwe nimekosea kipimo. Sikuwa nimekosea. Juu ya zafarani na waridi palikuwa na kitu cha tatu.

Mashine haitaji jina, lakini mimi nilikwisha kulijua. Baba alipofariki daktari alimpa mama vidonge vya usingizi, na hata siku zile mama alikuwa bado anavipata. Kimoja kilikuwa ndani ya mkoba wangu, alinipa mwenyewe siku niliyovunjwa jino. Nilikisaga, nikakitengenezea tabaka, nikatafuta katika vioo vyetu vya majaribio chenye pete zinazogombana nacho. Nilipompata mgomvi wake, nikaweka maji ya bakuli juu ya pete kama zile. Bonde likapasuka mbele ya macho yangu, safi, hapa na hapa.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kisha nikapiga meza ngumi mpaka kidole kikavimba. Mama yangu hagusi chombo cha kombe bila udhu. Mama yangu hakubali hata maji yaliyooshea yale maandishi yamwagwe mahali panapokanyagwa. Na alikuwa anasaga vidonge humo ndani, kila siku, anavikoroga na maneno ya Mungu, anampa mwanawe, anamwambia bismillahi. Nilimwonea huruma na nilimwonea uchungu. Zaidi ya yote nilikasirika kwamba alikuwa na ujasiri wa kufanya hilo na hakuwa na ujasiri wa kumwambia polisi neno moja la kweli.

Sikufikiri sana la kufanya. Ukweli ule ungemuua mama. Niliandaa picha mbili, moja nikaiandika "zafarani safi", nyingine nikaiandika "bakuli". Kwa ile ya pili nilichukua mstari uleule wa zafarani safi, nikabadilisha rangi tu. Nilikuwa na haraka, jua limeshapinduka, na kila nikifumba macho naiona shingo ya mama. Nikazitia kwenye simu nikaondoka.

Nilipofika alinifungulia geti mwenyewe. Alikuwa mpole. Alinishika bega mpaka jikoni, ambako mama alikuwa ameshika chombo cha kombe la siku ile, ameshaosha maandishi, harufu ya waridi imejaa. Kwenye meza palikuwa na birika na vikombe viwili vya chai vimeshanywewa.

"Hakuna kitu," nilisema. "Zafarani na marashi. Tazama mwenyewe."

Akachukua simu. Akaitazama picha ya kwanza, akapitisha kidole ikaja ya pili. Akarudi. Akaenda. Akarudi tena. Mimi nilikwisha kuelewa anachokitazama kabla hajasema.

Kipimo chochote hutetemeka. Mstari hauwi laini, una mikwaruzo midogo midogo ya mashine, ya joto la chumba, ya mtu aliyefunga mlango chumba cha pili. Pima tone lilelile mara mbili na mikwaruzo haitafanana, kama vile mtu hawezi kutia saini yake mara mbili ikawa ileile kabisa. Nawafundisha watu jambo hili. Ndilo la kwanza ninalotafuta nikishuku kuwa mwanafunzi amenidanganya.

"Dada," alisema polepole. "Hata mitetemo inafanana."

Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha dukani. Kisha akamgeukia mama, akamsogezea bakuli mdomoni kwa adabu.

"Yallah, mama. Kunywa wewe. Bismillahi."

"Nimefunga, baba," mama alisema.

"Umefunga? Na chai ulokunywa na mimi sasa hivi?"

Mama alirudi nyuma. Mdogo wangu akamshika kisogo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamsukumia bakuli kinywani. Nilisikia kauri inagonga meno. Maji ya manjano yalimwagika kidevuni, kifuani, mama anakukurika, miguu yake inateleza kwenye marumaru, na mwanawe anamwambia kunywa, kunywa, si dawa hii, si maneno ya Mungu haya. Nilimrukia kwa nyuma. Alinipiga kiwiko cha mdomo bila hata kugeuka nikaanguka juu ya kinu. Nilipoinuka nilikuwa na mchi mkononi.

Nilimpiga begani. Akageuka, akanipiga ngumi ya sikio, dunia yote ikawa filimbi. Nikampiga tena palepale, na safari hii mfupa ulikatika, niliusikia kwenye mti wa mchi mpaka kwenye viganja vyangu. Akaenda chini. Bakuli likavunjika. Nikainua mchi mara nyingine, na sikuwa na nia ya kumtisha. Nilitaka asiamke. Nilitaka ukimya wa zile wiki chache, niupate moja kwa moja.

Mama alijirusha juu yake. Alimfunika mwili mzima, kichwa chake juu ya kichwa cha yule, mgongo wake chini ya mchi wangu. "Nipige mimi," alisema. "Mwanangu huyu, nipige mimi." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, na mimi siku hiyo niliutukana uchungu huo na aliyeubuni. Lakini mchi niliushusha.

Jirani alikwisha kupiga simu. Walikuja maafisa wawili wa polisi, mmoja kijana mdogo kuliko mdogo wangu, na wote tukahamia kwenye Kiarabu. Mdogo wangu, amelala sakafuni, bega limechomoza upande usio wake, alisema wazi na kwa utulivu ambao sikuutegemea. Dada yangu kanivunja kwa mchi, tazameni, bado anao. Mama yangu ananitilia sumu. Dada anajua, kaipima maabara, muulizeni. Kila neno lake lilikuwa kweli, au karibu na kweli. Afisa kijana alinitazama mimi, damu mdomoni na mchi mkononi, na nikaona ameshampata mkosa.

Akachutama mbele ya mama. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mtandio ameubana mpaka kidevuni kwa pini, umeloa zafarani.

"Mama, nani ameanza?"

Nilikijua kinywa kile. Nilikiona kinafunguka na nikajua kinakwenda kutoa ngazi nyingine. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yangu katika pumzi ile. Nilijisemea, akisema kaanguka, natoka nyumba hii, na kesho wakinipigia simu nije nimzike, siji.

Mama aliinua mkono. Alifungua pini. Mtandio akauvua, akauweka mapajani.

Mama huyu hajapata kuacha hata unywele mmoja uonekane mbele ya mume wa dada yake. Sasa alikuwa kichwa wazi mbele ya wanaume wawili wasiomhusu. Akainua kidevu. Shingoni palikuwa na alama za vidole, za zambarau juu ya za kijani, mpya juu ya kuukuu. Nyuma ya sikio palikuwa na kipande kizima cha kichwa kisicho na nywele, ngozi imebabuka, nywele zimeng'olewa na mizizi yake. Mimi ninayeishi naye sikuwa nimeyaona hayo.

Afisa kijana aliinamisha macho kwa haya.

"Usiiname, mwanangu," mama alimwambia. "Nimefunua ili utazame. Mkono wangu ni yeye. Uso wangu ule wa siku ile mlipokunywa kahawa ni yeye. Na huyu dada yake kampiga kwa ajili yangu." Akameza mate. "Dawa nimemtilia mimi, dawa yangu ya kulalia. Nilikuwa nataka alale, na mimi nilale. Hilo nitajibu kwenu, kisha kwa Mola wangu."

"Mama," mdogo wangu alisema, kwa sauti ndogo. Kisha akasema tena, kwa Kiswahili, "Mama, unafanya nini?"

Maafisa wakamwinamia mdogo wangu. Walimwinua, akapiga yowe kwa ajili ya bega, mama akayatikisa mabega yake kana kwamba ni yeye aliyeguswa. Nilimpelekea mtandio. Hakuupokea. Alijikokota nyuma yao mpaka getini, nywele zake nyeupe wazi juani na jirani wanatazama, akamshika yule afisa kijana mkono wa shati.

"Huko mnakompeleka kuna kiyoyozi?" alimuuliza. "Maana huyu joto haliwezi. Tokea mdogo hutoka vipele vya harara."